Miche Inayokimbilia Dirishani

Ukisia nyanya kwenye trei na kuiweka sebuleni, mara nyingi mambo huenda hivi. Mbegu zinaota vizuri, kila mche unatoka umeinamisha kichwa, kisha unanyooka. Siku chache baadaye miche yote imelalia upande wa dirisha. Kufikia wiki mbili vishina vimekuwa vyeupe na vyembamba kama uzi wa kushonea, majani mawili ya juu yamepauka, na maji kidogo ya kumwagilia yanatosha kuilaza yote chini. Hapo ndipo wengi huchukua hatua inayoimaliza kabisa: wanaweka urea.

Mche wa namna hiyo hauna njaa ya mbolea. Unafanya kile ambacho mbegu yoyote ingefanya ikifukiwa udongoni, yaani unatafuta mwanga kabla akiba yake haijaisha. Na akiba yenyewe ni ndogo mno, kwani gramu moja ya mbegu za nyanya hubeba mbegu 300 hivi. Gizani mche hauwezi kupoteza chochote kwa kutengeneza majani mapana au shina nene. Kila kidogo ulichonacho unakitia kwenye urefu. Mwanga wa kutosha ukiugusa ndipo unapobadili mpango: shina linapunguza mwendo, majani yanafunguka, rangi ya kijani inaingia, na kazi ya kujitengenezea chakula inaanza. Tatizo la sebuleni ni kwamba mwanga upo, lakini ni hafifu, kwa hiyo mche unaendelea kukimbia. Urea inauongezea mbio hizo, kwa sababu naitrojeni yake huchochea tishu laini zenye maji mengi.

Swali la jinsi mmea unavyoujua mwanga liliwashughulisha hata Charles Darwin na mwanawe Francis. Katika kitabu walichokitoa mwaka 1880 walieleza walivyoyafunika machipukizi machanga ya nyasi kwenye ncha tu, na machipukizi yakaacha kuinamia mwanga, ingawa sehemu inayopinda iko chini ya ncha. Maana yake, ncha inaona na inatuma ujumbe chini. Mwaka 1928 Mholanzi Frits Went alionyesha kuwa ujumbe huo ni kemikali inayoweza kukusanywa, nayo ndiyo homoni inayoitwa oksini. Oksini hukusanyika zaidi upande wa shina ulio kivulini, seli za upande huo zinarefuka kuliko za upande wa pili, na shina linapinda kuelekea dirishani.

Lakini kupinda ni nusu ya habari. Nusu ya pili, ile ya kurefuka, ilifunguka Beltsville, jimbo la Maryland, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Marekani. Harry Borthwick, Sterling Hendricks na wenzao walichukua mbegu za saladi, ambazo huhitaji mwanga ili ziote, wakazimulika kwa rangi moja moja. Mwanga mwekundu, wa nanomita 660 hivi, ulizifanya ziote. Wakaufuatisha na mwanga mwekundu wa mbali, wa nanomita 730 hivi, ambao jicho la binadamu halioni isipokuwa kwa shida sana, na mbegu zikagoma. Wakarudia kwa kupokezana: nyekundu, ya mbali, nyekundu, ya mbali. Kila mara iliyoamua ilikuwa ile ya mwisho. Walichapisha matokeo hayo mwaka 1952, na protini inayofanya kazi hiyo, ikigeuka huku na huku mithili ya swichi, baadaye ikapewa jina la fitokromu.

Faida ya swichi hiyo kwa mche ni kubwa. Jani hula mwanga mwekundu na kuuachia ule wa mbali upite au urudi. Kwa hiyo mahali penye mwekundu mwingi ni peupe, na mahali penye mwekundu wa mbali mwingi kuna majirani. Mwaka 1990 Carlos Ballaré na wenzake wa Argentina walionyesha kuwa mche hauhitaji hata kufunikwa na jirani ili uanze kurefuka. Walizungushia mashina vyombo vidogo vyenye maji ya mrututu, ule ule wa buluu ambao wakulima wetu huutumia kupambana na ukungu, kwa kuwa maji hayo hunasa mwekundu wa mbali. Mashina yaliyokingwa hayakurefuka kama yale ya wazi, ingawa yalisimama katikati ya majirani wale wale. Mche unaujua msongamano kwa mwanga unaogonga majani ya jirani na kurudi kwenye shina lake. Ndiyo maana kusia kwa kumwaga, mbegu juu ya mbegu, kunaharibu trei hata iliyokaa juani. Mbegu moja kwa kila tundu, na zikiota mbili, ukate moja kwa mkasi mapema bila huruma. Ukiing'oa utatikisa mizizi ya inayobaki.

Sasa turudi dirishani, maana hapa ushauri mwingi unaosomwa hutupoteza. Vitabu vya bustani vya Ulaya humwambia msomaji atafute dirisha linalotazama kusini. Kwa mtu wa London ni sawa: katikati ya Machi jua la adhuhuri huko huwa chini ya nyuzi 40 kutoka upeo wa macho, na miale yake huingia mpaka katikati ya chumba. Kwetu karibu na ikweta jua la saa sita hupita utosini au karibu yake. Dar es Salaam, hata Juni linapoegemea kaskazini kuliko wakati wowote, bado liko juu kiasi cha nyuzi 60. Miale ya namna hiyo inaishia kwenye upenu wa paa. Dirisha la kuaminika kwetu ni la mashariki, linalopokea jua la asubuhi likiwa chini, na la magharibi linalofuata, ingawa jua lake la alasiri huambatana na joto kali. Ongeza kioo cha tinti, wavu wa mbu na ghorofa la jirani lililo hatua chache kutoka lako, na hesabu inazidi kupungua.

Jicho letu halitusaidii kuipima hesabu hiyo, kwa sababu mboni hutanuka gizani na kutufanya tuamini chumba kina nuru. Kwa laksi, kipimo cha mwanga, jua la adhuhuri hufikia 100,000. Sebule tunayoiona ina mwanga mzuri mara nyingi ina laksi 200 hadi 500. Kipimo rahisi ni mkono: uweke sentimita 30 juu ya trei wakati wa mchana. Kivuli chenye kingo kali kinaonyesha mwanga wa kufaa. Kivuli chenye ukungu au kisichoonekana kinaonyesha kuwa miche itarefuka, upende usipende.

Asiye na dirisha la namna hiyo, na wapangaji wengi wa mijini hawana, atumie taa. Taa ndefu za LED nyeupe za kawaida zinatosha kwa miche, hakuna ulazima wa zile za zambarau za bei kubwa. Kinachokosewa ni umbali. Taa ya darini haifai kitu. Ishushwe hadi sentimita 10 au 15 juu ya majani na ipandishwe miche inapokua. Kwa balbu ndogo, kuisogeza kutoka sentimita 60 hadi 15 huongeza mwanga takribani mara 16. Iwake saa 14 hadi 16 kwa siku, kisha izimwe, kwani majani ya nyanya hupata mabaka ya njano yakimulikwa mchana na usiku bila kupumzika. Taa ya wati 18 ikiwaka saa 15 kila siku hutumia uniti nane hivi kwa mwezi. Na iwe tayari kabla ya mbegu kuota, kwa sababu shina lililokwisha kurefuka halirudi nyuma.

Jambo jingine linalokosekana ndani ya nyumba ni upepo. Mmea unaotikiswa hukua mfupi na mnene, tabia ambayo M. J. Jaffe aliipa jina la kitaalamu mwaka 1973. Mwaka 1990, Janet Braam na Ronald Davis wa Chuo Kikuu cha Stanford walikuwa wakitafuta jeni zinazoitikia homoni. Wakanyunyizia mimea homoni, jeni zikaamka. Wakanyunyizia maji matupu, zikaamka vilevile. Kilichoziamsha ni mguso wenyewe. Basi pitisha kiganja au kipande cha karatasi juu ya miche taratibu, mara kumi hivi, asubuhi na jioni, majani yakiwa makavu. Feni ya polepole inafanya kazi hiyo hiyo, tena inakausha uso wa udongo, na hivyo kuubana ugonjwa wa kinyausi, unaokata mashina laini pale yanapotokea ardhini. Kwa sababu hiyo hiyo mwagilia asubuhi, si usiku.

Miche ya nyanya iliyokwisha kurefuka si ya kutupa. Shina la nyanya hutoa mizizi popote linapofukiwa, kwa hiyo ihamishie kwenye kopo refu na uifukie mpaka karibu na majani ya kwanza. Sukuma wiki na kabichi huvumilia hivyo kwa kiasi. Papai usijaribu, shina lake huoza.

Kisha izoeshe miche nje kwa siku saba hadi kumi, na ukifika hapa usiharakishe. Kioo cha dirisha huzuia sehemu kubwa ya miale mikali ya jua ambayo ngozi ya jani hujifunza kuistahimili taratibu. Mche mzuri kabisa wa ndani ukitolewa ghafla saa saba mchana huungua na kuwa mweupe siku hiyo hiyo. Anza na saa moja ya jua la asubuhi, uongeze kidogo kidogo kila siku, na siku ya kupandikiza chagua jioni.