Mashine Iliyokataa Kuamka Asubuhi

Katika miezi ya Juni na Julai, ukungu unapolala juu ya migomba ya kijiji chetu cha Nyakisasa, wilayani Ngara, hata jua likachelewa kuukausha umande, kompyuta ya mezani iliyomo katika chumba changu cha kazi ilikuwa, kwa muda wa takriban mwaka mmoja, haiitikii wito wa kwanza. Nikibonyeza swichi yake, taa ndogo ya mbele iliwaka, feni ikageuka nusu duara, kisha vyote vikazimika kwa pamoja, kukawa kimya. Mara ya pili, hali ile ile. Mara ya tatu feni ilizunguka sekunde mbili au tatu ndipo ikanyamaza. Mara ya nne au ya tano, pasipo mimi kutenda lolote ambalo sikulitenda hapo kwanza, ilitoa mlio mmoja mfupi, kioo kikang'aa, ikafanya kazi mpaka jioni kana kwamba haijapata kuugua maishani mwake.

Mashine hii niliiunganisha nyumbani mwaka 2009, mimi na mpwa wangu, kwa vipande vilivyokuja kwa basi kutoka Kariakoo na Mwanza, na kasha la mtumba ambalo kifuniko chake hakijapata kukaa sawa hata leo. Ndani yake nimechapa mitihani ya majaribio, mihtasari ya vikao vya kijiji, na barua za wazee waliotaka haki yao ya mirathi iandikwe kwa maneno ya heshima. Watu wengi hapa kwetu huliita kasha zima CPU, jina ambalo kwa insafu ni la kipande kimoja kidogo tu kilichomo ndani. Nami sichoki kulisahihisha, maana mtu asiyetofautisha kiungo na mwili hawezi kumweleza tabibu mahali panapouma.

Kompyuta iliyokufa kabisa ni rahisi kutibu kuliko ile inayowaka ipendapo. Iliyokufa hukaa imekufa huku ukiipima, na ukibadilisha kipande ikaamka, umekwisha kujua kilichoiua. Lakini hii yenye maradhi ya vipindi humdanganya kila anayeigusa: mmoja atapangusa vumbi, ikiwaka ataapa kuwa vumbi ndilo lililokuwa tatizo, mwingine atachomoa waya na kuurudisha, ikiwaka atasifu waya, kumbe ingewaka hata kama wote wawili wangekuwa wamelala. Tabibu wa homa hukuuliza kwanza homa hupanda saa ngapi, hushuka saa ngapi, na ulikula nini kabla, kwa kuwa ajua kwamba maradhi yanayokuja na kuondoka hujieleza kwa saa zake. Basi kabla sijashika bisibisi nilichukua daftari la mistari, nikachora safu nne: tarehe, saa, idadi ya majaribio hata ikawaka, na neno moja la hali ya hewa au ya umeme.

Ili kulisoma daftari hilo sharti mtu ajue kinachotendeka ndani ya kasha katika sekunde ya kwanza, nayo ni sekunde yenye mambo mengi. Almuradi waya umechomekwa ukutani, ile pawa saplai, yaani kisanduku cha chuma kinachobadili umeme wa ukutani kuwa umeme mdogo, haipati usingizi kamili, bali hupitisha volti 5 za kungojea katika waya wa rangi ya zambarau. Kidole kikibonyeza swichi, ishara huenda kwenye ubao mkuu ambao mafundi huuita madabodi, nao ubao huushusha umeme wa waya wa kijani, na kushushwa huko ndiyo amri ya kusema, "Amka." Hapo ndipo pawa saplai hutoa volti 12, volti 5 na volti 3.3, ikajipima yenyewe, na ikiridhika kwamba volti zote zimetulia hutuma habari kwa waya wa kijivu, katika muda wa kati ya sehemu ya kumi ya sekunde na nusu sekunde, kwamba umeme ni salama. Kabla ya habari hiyo kufika, prosesa, yaani ile CPU yenyewe, haisomi hata herufi moja. Ikishafika, prosesa husoma maagizo ya kuanzia yaitwayo biosi, hukagua ramu, yaani kumbukumbu ya muda, huitafuta kadi ya picha, na katika mashine nyingi kukiwa kwema husikika mlio mmoja mfupi. Utaratibu huu wa nyaya na rangi zake umetokana na kanuni iitwayo ATX, iliyotolewa na kampuni ya Intel mwaka 1995, ndiyo sababu kipande kilichonunuliwa Kariakoo hukubaliana na kasha lililotoka Ulaya.

Kwa hiyo mahali safari inapokatikia ndipo penye ushahidi. Feni zikizunguka daima na mlio ukirudiwarudiwa, aghalabu ni ramu au kadi ya picha. Picha ikitokea kisha mambo yakakwama, itazame diski. Lakini feni ikigeuka nusu duara na vyote vikazimika kabla ya mlio wowote, shauri liko kwenye umeme, au kwenye kitu kinachoufanya umeme ujikinge.

Baada ya wiki tatu daftari lilikuwa na sauti yake. Saa 1 asubuhi, mara 5. Saa 6 mchana, mara 1. Saa 2 usiku, mara 1. Alfajiri moja ya baridi kali, mara 7. Siku niliyoizima kwa saa moja tu kisha nikaiwasha, mara 1. Jumapili moja, ikiwa imelala tangu juzi yake, mara 6.

Jirani zangu waliulaumu umeme wa kijiji, na lawama hiyo haikuwa bila asili. Kwa miaka mingi mji wa Ngara uliwashwa kwa jenereta za dizeli kabla ya kuungwa na gridi ya Taifa, na waliokuwa na vyombo vya umeme zama hizo wanakumbuka jinsi taa zilivyofifia na kung'aa. Sasa pale Rusumo, mpakani mwa wilaya yetu na Rwanda, mto Kagera unazungusha mitambo mitatu yenye jumla ya megawati 80, ambazo Tanzania, Rwanda na Burundi hugawana sawasawa. Walakini ujirani wa mtambo mkubwa haufanyi umeme wa nyumba kuwa imara, kwani nyumba iliyo mwisho wa laini ndefu, chini ya transfoma ndogo, hupata masazo. Nilipima ukutani kwa mita. Kiwango chetu ni volti 230. Asubuhi nilipata 228. Saa 2 usiku, wakati kila nyumba imewasha taa, televisheni na pasi, nilipata 196. Lau ukuta ndio uliokuwa na hatia, mashine ingegoma usiku, umeme unapokuwa mdogo, wala isingegoma asubuhi umeme unapokuwa tele. Hesabu hiyo ya dakika moja iliniokoa na gharama ya stabilaiza, kifaa cha kutuliza volti, ingawa stabilaiza ni kitu chema, na anayeweza kuinunua na ainunue kwa ajili ya radi na umeme unaorudi kwa kishindo.

Nikachomoa waya ukutani, nikafungua kasha. Vumbi jekundu la kiangazi, ambalo huingia hata ndani ya sanduku la nguo lililofungwa kwa kufuli, lilikuwa limetandika kila kitu. Nikalipangusa kwa brashi laini ya rangi. Nikaichomoa ramu, nikasugua meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha mwanafunzi mpaka yakang'aa, nikairudisha hata vishikio vyake vya pembeni vikalia. Betri ya madabodi, ile ya duara yenye kipenyo cha milimita 20, ambayo ikiwa mpya hutoa volti 3, ilitoa 2.4, ndiyo sababu kila umeme ulipokatika saa ya mashine ilirudi nyuma miaka mingi, na tovuti za matokeo ya mitihani zikakataa kufunguka kwa kuwa vyeti vyake vya usalama vilionekana havijazaliwa. Nilitia betri mpya, saa ikapona. Kuamka hakukupona. Kila tiba nilifanya kwa siku yake, nikaandika, nikangoja asubuhi mbili ndipo nikaendelea na nyingine, kwa sababu atakayebadilisha vitu vitatu kwa mara moja hatajua ni kipi kilichomsaidia.

Fundi mmoja wa mjini alikuwa amekwisha kunihukumia: aliisikiliza kwa dakika moja, akasema madabodi imekufa, ninunue mashine nyingine. Simtaji, wala sidhani kwamba alikuwa na nia mbaya; ila hukumu isiyotanguliwa na kipimo ni dhuluma kwa mwenye mali maskini, na katika wilaya zetu hizi, ambamo kompyuta moja huandikia kijiji kizima, dhuluma hiyo huwafikia wengi.

Mpwa wangu ndiye aliyepata jibu. Alifika alfajiri, mikono ameificha ndani ya koti.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Pole na baridi. Ngoja niiwashe uone."

"Hapana, Mjomba, usiiguse. Iache na baridi yake. Nataka kuipima ikiwa katika ugonjwa wenyewe."

Alichomeka ncha moja ya mita kwenye waya mweusi na nyingine kwenye waya wa njano unaokwenda kwenye diski, akaniomba nibonyeze. Tarakimu zilipanda hata 10.4, zikaanguka. Kanuni huruhusu volti 12 zipungue au kuzidi kwa asilimia 5 tu, yaani zisishuke chini ya 11.4 wala kupita 12.6. Pawa saplai ilikuwa ikijaribu kunyanyua mzigo wa kwanza, ambao ni mzito kuliko mzigo wa baadaye kwa kuwa diski husukumwa kuanza kuzunguka wakati huo huo, ikashindwa, ikajizima kwa hekima yake. Kisha akaichomoa pawa saplai yote, akaenda kuilaza juani juu ya mkeka, kando ya maharage yaliyoanikwa. Saa 4 tuliirudisha ikiwa na uvuguvugu. Mashine iliwaka mara ya kwanza. Asubuhi ya pili na ya tatu tulitumia pawa saplai ya mashine yake yeye: mara 1, mara 1. Madabodi iliyohukumiwa kufa ilikuwa nzima.

Hapa lazima niseme kwa mkazo. Ndani ya pawa saplai, hata baada ya kuchomolewa, huweza kubaki umeme wa volti zipatazo 325, nao waweza kuua. Asiyejua namna ya kuuondoa asikifungue kisanduku hicho kwa tamaa ya kuona. Mpwa wangu anajua, na hata hivyo alikiacha siku mbili kabla ya kugusa, akapima, ndipo akafungua. Akanionyesha kwa ncha ya kalamu: kapasita tatu, mfano wa mikebe midogo iliyosimama wima, ambazo vichwa vyake vyenye mchoro wa msalaba vilitakiwa viwe bapa, mbili zilikuwa zimevimba kama kifuniko cha kopo la maziwa yaliyoharibika, na ya tatu ilitoa ute wa hudhurungi uliokauka miguuni pake.

Kapasita ya namna hii ni tepe za aluminiamu na karatasi zilizoviringishwa pamoja na kulowekwa katika kimiminika cha kemikali, na kazi yake ni kama ya mtungi katika nyumba ambayo maji ya bomba huja kwa mafungu: hupokea umeme wa mawimbi na kuutoa ukiwa umetulia. Kimiminika hukauka kwa joto na kwa miaka, na mafundi hukadiria kwamba kila joto likizidi kwa nyuzi 10 umri wa kapasita hupungua nusu. Kinachobaki kikiwa kichache, baridi hukizidishia uzito, upinzani wa ndani ukaongezeka, mtungi ukawa hautoi maji kwa haraka inayotakiwa. Kila jaribio la kuwasha huipasha moto kidogo, mpaka la nne au la tano likafaulu. Hiyo ndiyo siri ya asubuhi za Nyakisasa. Tena zipo kapasita zilizozaliwa na ila: tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 hata katikati ya miaka ya 2000, viwanda viliuza ulimwenguni kote kapasita zenye kimiminika kibovu, nazo zilipasuka ndani ya mashine nyingi kabla ya wakati wake, mwenye kompyuta ya umri huo na azitazame vichwa kwanza.

Kapasita mpya zilitoka Mwanza kwa bei isiyofika ya kuku mmoja. Mpwa wangu alichagua zenye ujazo ule ule wa mikrofaradi, volti zisizopungua za zile za zamani, na alama ya nyuzi 105. Akaangalia ule mstari wa upande wa hasi usigeuke, maana ikigeuzwa hupasuka. Angeweza kuninunulia kisanduku kizima kipya, na kwa asiye na fundi hodari hilo ndilo shauri jema zaidi, ila akipime kwa mkono: kilichoandikwa wati 500 nacho ni chepesi kama sanduku tupu la viatu hakina ndani yake chuma wala shaba ya kutosha kutimiza maneno ya nje.

Daftari ninaendelea nalo. Mvua za Septemba zimeanza, asubuhi zina baridi yenye unyevu, na safu ya majaribio inashuka ukurasa mzima kwa tarakimu moja, 1, 1, 1, mfano wa miti ya uzio. Diski yake bado ni ile ile ya mwaka 2009, nayo haiahidi kunipa dalili kabla ya kufa. Kwa hiyo kila Ijumaa jioni, kabla umeme haujawa mdogo, nanakili barua zote na mitihani yote kwenye flashi mbili, moja hukaa mezani na nyingine nampelekea mpwa wangu huko Rulenge.