Pumzi na Riziki Katika Ziwa Nyasa

Msomaji mpenzi, ukifika Mbamba Bay, iliyokuwa katika Wilaya ya Mbinga hata mwaka 2012, utaona usipa wameanikwa mchangani. Walipokuwa hai walivuta pumzi kama sisi: maji huingia kinywani, yakapita katika matamvua, na damu ikachukua humo oksijeni.

Lakini ziwa hili, ambalo kina chake chafika mita 700, halina oksijeni chini ya mita 250 hivi, kwani maji ya chini hayachanganyiki na ya juu. Samaki hawaishi huko. Subhanallah, yupo buu wa kijidudu ajifichaye humo mchana, akapanda usiku kula. Akiota mbawa huruka makundi kama moshi!

Mizoga huzama na rutuba yake ikabaki chini. Upepo wa kusi, baina ya Mei na Agosti, huipandisha sehemu yake. Vimea visivyoonekana kwa macho vikastawi kwa nuru ya jua, vijidudu vikavila, na usipa wakala vijidudu. Mvuvi huuogopa upepo huo, naye ana haki: meli Vipya ilizama katika dhoruba ya Julai 1946. Hata hivyo ndio unaowalisha wanawe.