Mchina humwabudu nani? Mafundisho matatu chini ya paa moja

Mnamo mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa mbele ya Mfalme Yongle wa Uchina. Maafisa wa ikulu walipoitazama ile shingo ndefu, yale madoa na ule upole wa macho, walisema huyo si mnyama hivi hivi. Huyo, walisema, ni qilin.

Qilin ni mnyama wa hadithi za kale za Wachina. Inasimuliwa kuwa ni mpole mno hata hakanyagi jani bichi, na kwamba haonekani ila wakati nchi inapotawaliwa kwa haki. Basi twiga wetu wa Pwani, pasipo yeye kujua, akawa shahidi kwamba mbingu imeridhika na mfalme!

Miaka zaidi ya 600 imepita tangu siku hiyo. Leo Wachina wanaishi miongoni mwetu na vijana wetu wanasoma lugha yao. Taasisi ya kwanza ya Confucius barani Afrika ilifunguliwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2005. Lakini mwanao akikuuliza mezani, "Baba, Wachina humwabudu nani?" utamjibu nini?

Wengi wetu tutasema "Buddha" kisha tubadilishe mazungumzo. Wengine watasema Wachina hawana dini. Majibu yote mawili yana upungufu. Hebu tulitazame jambo hili polepole.

Mtu mmoja, shukrani nyingi

Tuanze na Zheng He, amiri aliyeongoza misafara ya merikebu za Uchina iliyofika hadi Pwani yetu. Alizaliwa katika familia ya Kiislamu mkoani Yunnan, na baba yake alijulikana kwa jina la heshima la haji.

Huko Galle, nchini Sri Lanka, liliwekwa jiwe la msafara wake lenye tarehe ya mwaka 1409. Jiwe hilo limeandikwa kwa lugha tatu. Maandishi ya Kichina yanataja sadaka kwa Buddha, ya Kitamili yanataja sadaka kwa mungu wa Wahindu, na ya Kiajemi yanamtukuza Mwenyezi Mungu kwa desturi ya Uislamu. Isitoshe, mwaka 1431, kabla ya safari yake ya mwisho, Zheng He alisimamisha jiwe jingine la kumshukuru Tianfei, mungu wa kike wa bahari, kwa kuziokoa merikebu katika dhoruba.

Ni kweli kwamba alikuwa mjumbe wa mfalme na alipaswa kuwaheshimu wenyeji wa kila bandari. Hata hivyo, hakuna aliyemwona kuwa kigeugeu. Kwetu sisi, mtu akionekana msikitini Ijumaa na kanisani Jumapili, mtaa mzima utazungumza. Kwa Wachina wa jadi, swali la "wewe ni wa dini gani?" halikuwa na uzito mkubwa. Swali lililowasumbua lilikuwa hili: je, umetimiza wajibu wako kwa wale unaowiwa?

Ndiyo maana wao husema kuna mafundisho matatu: ya Confucius, ya Dao na ya Buddha. Yote matatu yaliweza kukaa katika nyumba moja, na hata katika moyo wa mtu mmoja.

Confucius: Utu huanzia nyumbani

Confucius alizaliwa mwaka 551 KK katika dola ndogo ya Lu, mahali ambapo leo pana mji wa Qufu. Baba yake alifariki yeye akiwa mtoto mdogo. Wakati huo Uchina ilikuwa imegawanyika vipande vipande, na watawala walikuwa wakinyang'anyana ardhi.

Confucius alizunguka kutoka dola moja hadi nyingine kwa takriban miaka 14 akitafuta mtawala atakayemsikiliza. Hakumpata. Alirudi kwao akafundisha hadi alipofariki mwaka 479 KK. Wanafunzi wake ndio waliokusanya maneno yake katika kitabu kiitwacho Lunyu.

Alifundisha nini? Neno lake kuu ni ren, na Kiswahili kina bahati ya kuwa na neno linalolikaribia sana: utu. Utu huo, alisema, haushuki kutoka angani. Mtu hujifunza nyumbani, kwa kumheshimu mzazi na kumjali ndugu, kisha huutoa nje kwa jirani na kwa taifa. Asiyeweza kuishi vyema na babake, ataiongozaje nchi?

Heshima kwa wazazi huitwa xiao. Hapa Confucius alikuwa mkali. Alionya kuwa kumlisha mzazi tu hakutoshi, kwa sababu hata mifugo hulishwa. Pasipo heshima, tofauti iko wapi? Alipoulizwa kuhusu mizimu, hakuikana, bali alimshauri mwanafunzi wake ajifunze kwanza kuwatumikia walio hai.

Kwa karne nyingi, hadi mwaka 1905, vijana waliotaka kazi serikalini walifanya mitihani migumu iliyotegemea vitabu vya mafundisho haya. Wanafunzi mnaolalamikia mtihani wa kitaifa, fahamuni kwamba wenzenu wa Uchina walilalamika zamani. Wapo waliorudia mtihani huo hadi nywele zikaota mvi!

Lakini tusifiche ila. Desturi zilizojengwa juu ya mafundisho haya zilimbana mwanamke. Alitakiwa kumtii babake, kisha mumewe, na akifiwa na mume, amtii mwanawe. Vijana nao waliozwa pasipo kuulizwa. Wasomi wa Uchina wenyewe, hasa katika vuguvugu la mwaka 1919, waliyashambulia mambo haya kwa ukali.

Laozi: Fundisho la maji

Mwalimu wa pili anaitwa Laozi. Wanahistoria hawakubaliani kama aliishi kweli. Hadithi husema kuwa alikuwa mtunza nyaraka aliyechoshwa na fujo za ikulu, akapanda nyati wa kufugwa na kuelekea magharibi. Mlinzi wa mpakani alimsihi aandike hekima yake kabla ya kuondoka. Kitabu kinachohusishwa naye, Daodejing, kina maneno yapatayo 5,000 tu.

Dao maana yake ni njia. Ni njia ambayo ulimwengu wenyewe huifuata: mchana na usiku, kiangazi na masika. Mwanadamu hupata taabu anaposhindana nayo. Mfano unaopendwa katika mafundisho hayo ni maji. Maji ni laini na hukimbilia mahali pa chini, lakini hatimaye hulimomonyoa jabali.

Usidhani kuwa huu ni uvivu. Mfikirie nahodha wa jahazi. Haupigi upepo ngumi, bali hulitega tanga lake, na jahazi likaenda. Hali kadhalika yin na yang, maneno ambayo mwanzoni yalihusu upande wa mlima wenye kivuli na ule wenye jua. Mlima ni ule ule mmoja, na jua likizunguka, pande hubadilishana zamu.

Confucius humwambia mtu, "Timiza wajibu wako." Laozi humnong'oneza, "Lakini usijitese." Afisa aliyeshinda ofisini akifuata taratibu za Confucius angeweza kurudi jioni kwenye bustani yake, akatulia kama mfuasi wa Dao.

Buddha: Mgeni kutoka Bara Hindi

Fundisho la tatu lilikuja na wafanyabiashara na watawa kutoka Bara Hindi na Asia ya Kati, mnamo karne ya kwanza baada ya Kristo. Lilijibu swali ambalo wale wawili hawakulizungumzia sana: kwa nini tunateseka, na nini hutupata baada ya kifo?

Wachina waliliendea kwa bidii. Mtawa Xuanzang alisafiri hadi Bara Hindi mwaka 629 na akarudi mwaka 645 akiwa na maandiko 657, ambayo alitumia maisha yake yaliyobaki kuyatafsiri.

Hata hivyo, mgeni huyu alipingwa. Mtawa hunyoa kichwa, haoi wala hazai. Wachina waliuliza, ni nani basi atakayewatunza wazazi wake? Mwaka 845 Mfalme Wuzong alifunga nyumba za watawa zaidi ya 4,600, na watawa zaidi ya 260,000 wakaamriwa kurudi uraiani.

Fundisho hilo halikufa, kwa kuwa lilikuwa limejifunza kuzungumza lugha ya nyumbani. Watawa waliwaombea wazazi waliofariki. Guanyin, mwenye huruma, ambaye huko Bara Hindi alichorwa kama mwanamume, alikuja kuchorwa Uchina kama mama anayesikia vilio vya wenye shida.

Jikoni na kaburini

Mafundisho hayo hukutana nyumbani. Katika nyumba ya jadi huwekwa vibao vyenye majina ya wazee waliotangulia, na vijiti vya udi huwashwa mbele yake. Jikoni kuna picha ya mungu wa meko, ambaye kabla ya mwaka mpya hupanda mbinguni kutoa ripoti kuhusu familia. Basi watu humpaka asali midomoni ili aseme matamu tu!

Mwezi wa Aprili huwa na siku ya Qingming, ambapo jamaa huenda kufagia makaburi, kung'oa magugu na kuweka chakula. Tangu mwaka 2008, siku hiyo ni sikukuu ya taifa huko Uchina bara.

Je, huko ni kuheshimu au ni kuabudu? Swali hilo liliwahi kuzua mgogoro mkubwa. Padri Mwitaliano Matteo Ricci, aliyefika Beijing mwaka 1601, aliona ni heshima tu, na Mkristo wa Kichina angeweza kuendelea nayo. Wengine walikataa katakata. Papa Clement wa Kumi na Moja alizipiga marufuku desturi hizo, na mwaka 1715 akakaza amri hiyo. Mfalme Kangxi alikasirika na kuwakataza wamishonari kuhubiri. Ni mwaka 1939 tu ambapo Papa Pius wa Kumi na Mbili aliwaruhusu Wakatoliki wa Uchina kuwaheshimu wazee wao kwa desturi hizo.

Msomaji ambaye babu yake aliambiwa achague kati ya kanisa na mila za ukoo wake ataelewa uchungu uliokuwamo katika miaka hiyo yote.

Pigo kubwa zaidi lilikuja kati ya 1966 na 1976, wakati wa Mapinduzi ya Kitamaduni. Mahekalu yalivunjwa, vibao vya wazee vikachomwa, na huko Qufu makaburi ya ukoo wa Confucius yakafukuliwa. Lakini jambo lililofundishwa jikoni ni gumu kufutwa kwa amri. Udi ulirudi, na watu wakarudi makaburini na mafagio yao.

Jibu la mwanao

Basi mwanao akikuuliza, mwambie hivi: Mchina wa jadi huiheshimu mbingu, huwashukuru wazee wake, hujifunza utulivu kutoka kwa Dao na kumwomba Guanyin siku ya shida. Anaweza kuyafanya yote hayo pasipo kujiita mfuasi wa dini yoyote.

Si lazima ukubaliane naye. Una imani yako, nayo ina mipaka yake. Lakini swali moja la Confucius halijui mipaka ya dini. Sisi watu wa mjini tumezoea kuwatumia wazazi pesa kwa simu kila mwisho wa mwezi, kisha tukajipongeza kuwa tumewatunza. Wahenga wetu walisema radhi ni bora kuliko mali. Je, mara ya mwisho uliketi lini na mama, ukamsikiliza hadi akamaliza kusema?