Dawa iliyomponya jirani

Msimu wa kupepeta mpunga ndio msimu wa makapi kuingia machoni. Mtu analifikicha jicho, linawasha, linatoa machozi, na kabla jua halijazama amekwisha kupata washauri. Mmoja anamwambia atie maziwa ya mama anyonyeshaye, mwingine utomvu wa mshubiri, na wa tatu anamletea chupa ya matone aliyobakiza mwaka jana. Januari 2024, macho mekundu yalipoenea Dar es Salaam, ushauri wa namna hii ulizagaa hata kwenye simu, na Wizara ya Afya ikalazimika kuwasihi watu wasijitibu kiholela.

Kinachozipa tiba hizi sifa ni konea yenyewe. Konea ni kile kioo cha mbele cha jicho, chenye unene wa nusu milimita tu katikati. Haina mshipa wa damu hata mmoja, ndiyo maana inapitisha mwanga, na oksijeni huipata hewani kupitia machozi. Utando wake wa juu ukikwaruzwa kidogo huota upya wenyewe, mara nyingi ndani ya siku mbili tatu. Kwa hiyo jirani aliyetia maziwa Jumatatu na kuamka mzima Jumatano ataapa kwamba maziwa ndiyo yaliyomponya. Hasemi uongo, ila jicho lake lingepona hata asingetia kitu.

Balaa humpata yule anayemfuata, ambaye kapi lake limebeba kuvu ya shambani. Kuvu za jamii ya Fusarium na Aspergillus huishi kwenye udongo na majani makavu, na zikishapenya mkwaruzo huila konea polepole, siku baada ya siku. Maji ya majani yaliyopondwa kwa mikono huongeza vijidudu vingine juu ya kuvu hizo. Utomvu wa mnyaa, ambao wengi tunaujua kwenye ua wa nyumba, huunguza konea kabisa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1994 kuhusu wagonjwa wa vidonda vya konea Tanzania ulikuta takriban robo yao wametumia dawa za kienyeji.

Hata hivyo mimi naiogopa zaidi ile chupa ya matone. Nyingi zina deksamethasoni, dawa inayotuliza uvimbe. Wekundu unapungua, maumivu yanapoa, mgonjwa anarudi shambani akishukuru, na huku ndani kinga ya jicho imezimwa na kuvu imeachiwa njia. Dawa hiyo ina kazi yake halali, lakini kuiuza bila jicho kuchunguzwa ni kumpofusha mtu kwa pesa yake mwenyewe.

Uchunguzi wenyewe hauna vitisho. Mtaalamu hugusisha kikaratasi chenye rangi ya chungwa ndani ya kope la chini, kisha humulika kwa taa ya bluu, na palipochubuka hung'aa kijani. Kukiwa na kidonda, hutia dawa ya ganzi, akakwangua uchafu kidogo na kuupaka kwenye kioo cha hadubini. Nyuzi za kuvu zinaweza kuonekana ndani ya dakika chache. Dawa yake, natamaisini, iliingizwa mwaka 2017 kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Hutiwa kila saa mwanzoni, na matibabu huchukua wiki kadhaa.

Wengi hawafiki huko kwa sababu wamesikia kwamba hospitalini jicho hutolewa. Ni kweli wapo wanaotolewa jicho, na wengi wao ni waliofika konea imekwisha kutoboka.

Upasuaji nao una hatari zake, na mgonjwa ana haki ya kuambiwa. Ule wa mtoto wa jicho unaweza kuua seli za tabaka la ndani kabisa la konea, ambazo hazioti tena. Zikipungua mno, konea hujaa maji na kuwa na ukungu. Konea iliyoharibika hivyo huweza kubadilishwa kwa kupandikizwa nyingine. Mwaka 1905, mjini Olomouc, daktari Eduard Zirm alimpandikiza konea kibarua aliyeunguzwa macho yote mawili na chokaa. Jicho moja lilikataa, la pili likaona. Hadi leo mwili unaweza kuikataa konea ya mtu mwingine, hata miaka kadhaa baadaye, hasa pale kidonda cha zamani kilipoacha mishipa ya damu ndani ya kovu.

Anayeombwa kusaini fomu ya upandikizaji aulize kovu lake lina mishipa kiasi gani, na jicho likiwa jekundu usiku wa manane amwone nani. Aulize pia bei ya matone ya mwaka mzima, kwa kuwa wapo wanaopandikizwa vizuri kisha wakaipoteza konea hiyo kwa kukosa pesa ya dawa.