Jukwaa la Nyuma ya Boti: Mbao au Faiba?

Mtu aliyetumbukia majini kutoka kwenye boti huwa na kazi moja tu, nayo ni kurudi ndani ya chombo. Kwa aliye nchi kavu kazi hiyo huonekana nyepesi. Kwa aliye majini mambo ni mengine: nguo zilizolowa humvuta chini, ubaridi wa maji ya nyanda za juu humtia ganzi vidoleni, na ubavu wa boti hauna pa kushika. Akijivuta ubavuni kwa nguvu, chombo chembamba huinama upande wake, na waliomo huweza kujikuta majini pamoja naye. Kwa sababu hiyo boti nyingi za siku hizi huwekewa jukwaa dogo upande wa tezi, yaani nyuma, ambako chombo hakipinduki kwa urahisi kama ubavuni.

Jukwaa hilo ni bamba lenye upana wa hatua moja au mbili za mtu, lililofungwa juu kidogo ya maji, likiwa na ngazi fupi inayoteremka chini ya maji. Kwingineko hutumiwa zaidi na watalii wanaoogelea. Katika maziwa madogo ya Mbulu na Hanang, kama vile Tlawi na Basotu, manufaa yake yanaweza kuwa ya kazi: kupandia na kushukia, kusimamia wakati wa kuvuta wavu, na zaidi ya yote kumwokoa aliyeanguka. Kikundi cha wavuvi au cha vijana kinachofikiria kuagiza boti ya pamoja hukutana basi na swali la fundi: jukwaa liwe la mbao au la faiba?

Vitu vyote viwili vinafaa. Tofauti kubwa haiko katika uzuri wala usasa, bali katika namna kila kimoja kinavyoharibika, na nani aliye karibu na ziwa anayeweza kukitengeneza.

MBAO NA ADUI ZAKE

Katika Pwani ya Bahari ya Hindi, mafundi wa majahazi hupaka deheni chini ya chombo kwa sababu baharini wamo viumbe wanaotoboa mbao na kuzila kwa ndani. Viumbe hao huishi kwenye maji ya chumvi. Katika ziwa la maji yasiyo na chumvi, mbao huepukana na adui huyo mkubwa. Hubaki adui wawili wa nchi kavu: kuvu inayoozesha mbao inayolowa na kukauka mara kwa mara, na mchwa wanaoivamia boti ikilazwa chini kwenye udongo.

Kuna mbao zinazostahimili hali hiyo kwa asili yake. Mvule na msaji zina mafuta ya asili yanayozuia kuoza. Mninga nao ni imara, na una sifa ya kutosinyaa wala kujikunja sana unapokauka, jambo lenye thamani kubwa kwa chombo kinachokaa juani msimu mzima wa kiangazi. Mkaratusi, unaopatikana kwa urahisi zaidi, ni mzito na hupasuka ukikaushwa haraka. Paini ni nyepesi na nafuu, lakini huoza mapema isipotiwa dawa kama zinavyotiwa nguzo za umeme. Mabaki ya paini iliyotiwa dawa yasitumiwe kuwa kuni za kupikia, kwa kuwa moshi wake una sumu.

Jukwaa la mbao halitengenezwi kwa ubao mmoja mpana. Hutengenezwa kwa pau zilizoachiana nafasi ya kidole kimoja. Maji hupita katikati yake, wimbi halilipigi jukwaa kwa nguvu kutoka chini, na mbao hupata hewa ya kukaukia. Upande wa kukanyagwa usipakwe vanishi, kwani vanishi iliyolowa huteleza. Mbao iliyoachwa wazi hugeuka rangi ya kijivu kwa jua, lakini rangi hiyo peke yake si dalili ya kuoza.

Ubora mkuu wa mbao ni kwamba ubovu wake hauko mbali na macho wala mikono. Ncha ya kisu ikizama kwa urahisi, pau hiyo imeoza. Seremala huing'oa, huchonga nyingine na kuifunga siku hiyo hiyo, kwa vifaa vilivyo katika karakana ya kawaida. Jukwaa zima halitupwi kwa sababu ya pau moja.

Mbao zinunuliwe kwa utaratibu wa sheria. Muuzaji aonyeshe risiti na hati ya kusafirishia mazao ya misitu inayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Miti ya hifadhi, ukiwemo Msitu wa Nou, haikatwi bila kibali. Msitu huo ni chanzo cha maji, na boti ya ziwani haina maana iwapo vyanzo vya maji vimekauka.

FAIBA NA SIRI ZAKE

Faiba ni nyuzi laini za kioo zilizolowekwa katika rezini, kisha zikaachwa zigande juu ya umbo maalumu. Boti za aina hiyo zilianza kutengenezwa Marekani katika miaka ya 1940, na leo zimeenea duniani kote. Hapa Tanzania zimepata nguvu mpya kupitia mikopo ya serikali kwa wavuvi. Tarehe 30 Januari 2024, jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ugawaji wa boti za kisasa na vizimba vya kufugia samaki.

Faiba haiozi, hailiwi na mchwa na haisinyai. Jukwaa lake huweza kutengenezwa pamoja na boti likawa kitu kimoja kisicho na maungio, na kuosha magamba na utelezi wa samaki ni kazi ya ndoo moja ya maji. Hata hivyo, faiba laini huteleza kuliko mbao. Ni lazima upande wa juu utiwe mikwaruzo au mchanga mwembamba ndani ya rangi wakati wa kutengenezwa.

Udhaifu wa faiba ni kwamba huficha ugonjwa. Mafundi wengi huweka plaiwudi au mbao katikati ya matabaka mawili ya faiba ili jukwaa liwe gumu bila kuwa zito. Tundu la boliti lisipozibwa vizuri, maji huingia humo na mbao ya ndani huoza, huku nje kukiwa kunang'aa kama siku ya kwanza. Dalili hutambulika kwa kugonga. Sarafu ikigongwa juu ya faiba nzima hutoa mlio mkavu na mkali. Penye ubovu mlio huwa mzito na wa uvungu. Jua nalo hula tabaka la juu, likaanza kutoa unga mweupe mkononi, na hapo rangi huhitaji kurudiwa.

Kuitengeneza si kazi ya kila seremala. Rezini na kigumishi chake hupimwa kwa uwiano, hushika moto kwa urahisi, na mvuke wake hudhuru. Kigumishi kikiingia jichoni huweza kupofua, na vumbi la faiba huwasha ngozi na kuumiza mapafu. Anayefanya kazi hiyo avae miwani, glavu na barakoa, na afanyie mahali penye hewa. Faiba iliyochakaa isichomwe moto, na kwa kuwa haiozi, ikitupwa ufukweni itabaki hapo.

UZITO NA KUELEA

Hesabu ndogo husaidia. Jukwaa la mbao la mvule lenye urefu wa mita 1.5, upana wa nusu mita na unene wa sentimita 3, likiwa na nafasi kati ya pau, huwa na uzito wa kilo 12 hivi. Bamba la faiba la ukubwa huo, lenye unene wa milimita 5, huwa na kilo 6 hivi kabla ya kuongezewa kingo na mihimili. Tofauti ya kilo hizo si kubwa ikilinganishwa na mtu mzima wa kilo 70 atakayesimama juu yake. Uzito wa watu ndio unaoweza kushusha tezi hadi maji yakaingia. Katika boti fupi, jukwaa libebe mtu mmoja kwa wakati mmoja.

Jambo la pili ni kuelea. Mbao za kawaida ni nyepesi kuliko maji, na mtumbwi wa mbao uliojaa maji mara nyingi hubaki juu, ukawa wa kushikilia. Faiba yenyewe ni nzito kuliko maji. Boti ya faiba iliyojaa maji, yenye mashine nyuma, huzama isipokuwa ina vyumba vya hewa vilivyozibwa au povu gumu ndani yake. Dumu la lita 20 lililofungwa vizuri na kukazwa ndani ya boti huinua takriban kilo 19. Madumu matano huinua kilo 95. Mnunuzi wa boti ya faiba amwombe muuzaji aonyeshe mahali vyumba hivyo vilipo kabla ya kulipa.

Mtumbwi mwembamba wa kuchongwa haufai kuwekewa jukwaa kabisa. Kwa chombo hicho inatosha kamba nene yenye vitanzi viwili vya kukanyagia, iliyofungwa tezini siku zote na iliyo tayari kuteremshwa.

VIFUNGIO NA NGAZI

Majukwaa mengi hayavunjiki katikati, bali hung'oka. Jukwaa la aina yoyote lifungwe kwa boliti zinazopita hadi ndani ya boti, zikiwa na bamba pana nyuma ya nati ili nguvu isikusanyike kwenye tundu moja. Skrubu fupi hazitoshi. Boliti ziwe za chuma kisichoshika kutu. Kwenye faiba, tundu hutobolewa kubwa kuliko boliti, hujazwa rezini, kisha hutobolewa upya likigandishwa, ili maji yasipate njia ya kufika kwenye mbao ya ndani.

Ngazi iteremke hadi vipago viwili viwe chini ya maji. Mtu aliyechoka hawezi kuinua goti hadi usawa wa kifua. Ngazi iweze kuteremshwa na mtu aliye majini bila kusaidiwa, kwa kuwa mvuvi aliyetoka peke yake hana wa kumteremshia.

Mashine ikiwa inanguruma, mtu asikae wala asipande jukwaani. Pangaboi iko hapo chini, na moshi wa mashine hujikusanya tezini. Ndani yake mna hewa ya sumu isiyo na harufu inayoweza kumlegeza mtu akaanguka. Anapookolewa mtu, mashine izimwe kwanza.

KUAMUA KWA MFUKO WA KIKUNDI

Bei ya kununulia ni nusu tu ya hesabu. Kikundi kiombe bei kwa mafundi wasiopungua watatu, kisha kijumlishe matengenezo ya miaka mitano. Kwa mbao zihesabiwe pau za kubadilisha, mafuta ya kupaka na siku za seremala. Kwa faiba zihesabiwe rangi, rezini, na nauli ya kumleta fundi au kuipeleka boti kwake. Siku ambazo boti italala bila kazi ikingoja fundi nazo ni gharama.

Vikundi vilivyosajiliwa vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinaweza kuomba mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Andiko la mradi linaloonyesha gharama za matengenezo husomeka vizuri kuliko linaloonyesha bei ya ununuzi peke yake.

Kwa kupima yote hayo, uamuzi hujipanga wenyewe. Boti ya mbao, au boti yoyote inayotunzwa na seremala wa karibu, ifungiwe jukwaa la mbao ngumu lenye pau. Boti ya faiba iliyotoka kiwandani na jukwaa lake ibaki nalo, mradi kikundi kitenge akiba ya matengenezo na kijue fundi wake ni nani kabla jukwaa halijapata ufa. Kisichofaa ni kununua faiba kwa sifa ya kutooza, kisha kuiacha miaka bila kugongwa wala kukaguliwa.

Kabla ya chombo kuanza kazi, mwenye nacho amwone Afisa Uvuvi kuhusu leseni ya uvuvi, na afuate masharti ya usalama wa vyombo yanayosimamiwa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), ikiwemo jaketi okozi kwa kila aliyemo. Kisha jukwaa lijaribiwe karibu na ufuko, mahali pa kina kidogo: mtu mmoja aliyevaa nguo zake za kazi na jaketi okozi ashuke majini na apande peke yake. Akishindwa, jukwaa halijakamilika, liwe la mbao au la faiba. Ukaguzi urudiwe kila mwanzo wa msimu, kwa kisu kwenye mbao na kwa sarafu kwenye faiba. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ziwani, ufa usiozibwa huweza kugharimu uhai wa mtu.