Watanabe Shozaburo: Mchapishaji na Wachoraji Wake

Katika Kiswahili, kiambishi cha usababishi ndicho kinachomtenga mchapishaji na mchapaji: huyu hufanya kazi kwa mikono yake, yule husababisha ifanyike. Tofauti hiyo yamfaa sana Watanabe Shozaburo (1885–1962) wa Tokyo, ambaye muhuri wake umo katika picha nyingi mashuhuri za Japani ilhali yeye hakuzichora.

Picha ya mbao ya Kijapani huhitaji watu wanne. Mchoraji huchora. Mchongaji huchonga mbao za mcheri, kila rangi na ubao wake. Mchapaji hupaka rangi, hulaza karatasi juu yake na kuisugua mgongoni kwa kisugulio cha mviringo. Wa nne, mchapishaji, huteua mchoraji, hulipa mafundi, kisha huuza.

Mwanzoni mwa karne ya 20, fotografia na mitambo ya kupigia chapa vilikuwa vimewanyang'anya mafundi hao riziki. Watanabe aliona kuwa kunakili kazi za kale hakutoshi. Mwaka 1915 alianza kuagiza michoro mipya, kwanza kwa Fritz Capelari wa Austria. Mwaka uo huo alitoa picha moja ya Hashiguchi Goyo. Huyo hakuridhika, akaondoka na kujichapishia mwenyewe hadi kufa kwake mwaka 1921. Yoshida Hiroshi naye alijitenga, akawa mchapishaji wa kazi zake kuanzia 1925. Msaada wa Watanabe ulikuwa na bei yake, nayo ilikuwa uhuru.

Kawase Hasui (1883–1957), aliyeanza naye mwaka 1918, alibaki. Tarehe 1 Septemba 1923, tetemeko la ardhi na moto uliofuata viliteketeza duka la Watanabe, pamoja na mbao na akiba ya picha. Hasui alipoteza madaftari yake ya michoro. Watanabe, ambaye naye hakuwa na kitu, alimhimiza asafiri. Hasui alizunguka nchi kwa zaidi ya miezi mitatu akijaza madaftari mapya. Mwaka 1925 ilitoka picha ya hekalu la Zojoji: lango jekundu, theluji, na mwanamke aliyejikunyata chini ya mwavuli.

Yafaa kukiri kwamba wanunuzi wengi walikuwa Wamarekani, na ladha yao iliathiri kazi hizo. Theluji, mvua na mahekalu ni tele, viwanda ni haba. Lakini Hasui alichora mamia ya picha, na bila mchapishaji huyo nyingi zisingalikuwapo.

Hasui alifariki mwaka 1957, picha yake ya mwisho, ya mtawa akipanda ngazi zenye theluji huko Hiraizumi, ikiwa haijachapwa. Watanabe aliikamilisha, akawagawia rafiki za marehemu.