Anayekushona ni mwanafunzi: Je, uogope?

Ndugu msomaji, hebu tuseme kakako ni mchimbaji dhahabu kule Masara, Kaunti ya Migori. Siku moja ukuta wa shimo unaporomoka na jiwe linamponda mguu. Mnamkimbiza hospitalini, na anayekuja kumtazama ni kijana wa miaka ishirini na kitu, koti lake jeupe bado lina mikunjo ya dukani. Wazee wa ukoo wanatazamana. Ati mtoto huyu ndiye daktari?

Yamkini si daktari wa shahada bali ni afisa wa kliniki aliye katika mafunzo ya kazini. Nchini Kenya, anayesomea diploma ya kazi hii hukaa chuoni miaka mitatu, pengine katika tawi la KMTC pale Homa Bay au Migori. Kisha hufanya kazi hospitalini mwaka mmoja chini ya wakubwa wake, akizungushwa katika wadi za watu wazima, watoto, uzazi na upasuaji. Zamu ya upasuaji ndiyo inayowatia wengi kiwewe.

La kushangaza ni kwamba somo la kwanza huko si kisu, ni sabuni. Mwanafunzi hufunzwa kusugua mikono hadi kwenye viwiko, akiiinua juu ili maji machafu yasirudi vidoleni. Akigusa mlango tu, aanze upya! Na asidhani atamhadaa muuguzi wa chumba cha upasuaji. Huyo ana macho hata kisogoni. (Wala usidhani usafi huu uliletwa wote na Wazungu. Mwaka wa 1879 msafiri Robert Felkin alimwona mpasuaji wa Bunyoro, Uganda, akinawa mikono kwa pombe ya ndizi kabla ya kumtoa mtoto tumboni mwa mamake. Siku ya kumi na moja kidonda kilikuwa kimepona.)

Baada ya hapo ni kusimama. Kijana hupewa chuma cha kupanulia kidonda, akishike bila kutikisika, huku jasho likimtiririka na miguu ikimfa ganzi. Ndiyo maana wakubwa humshauri asiingie humo bila kunywa chai, kwani si mmoja wala wawili waliowahi kuzirai. Huhesabu pia vipande vya shashi kabla ya kazi kuanza na kabla ya kidonda kufungwa. Kipande kimoja kikikosekana, hafungi mtu hadi kipatikane.

Lakini somo gumu kuliko yote ni kujua wakati wa kutoshona. Jeraha lililojaa udongo wa mgodini halifungwi papo hapo. Huoshwa kwa maji mengi, nyama iliyokufa ikaondolewa, mgonjwa akadungwa sindano ya kuzuia pepopunda, kisha jeraha likaachwa wazi chini ya bandeji kwa siku kadhaa. Likifungwa na uchafu ndani, usaha hujikusanya na mguu wenyewe unaweza kupotea. Jamaa wasiojua hilo hulalamika kwamba mgonjwa wao ametelekezwa. Wengine humtorosha usiku! Kijana wa koti jeupe hana budi kujifunza kuwaeleza, tena kwa Kijaluo safi ikibidi, na hilo halimo katika kitabu chochote.

Eneo hili limewahi kuonyesha kwamba kisu si mali ya mabingwa peke yao. Mwezi Desemba 2006, utafiti uliowashirikisha wanaume 2,784 mjini Kisumu ulisimamishwa mapema baada ya kubainika kwamba tohara hupunguza kwa zaidi ya nusu uwezekano wa mwanamume kuambukizwa virusi vya Ukimwi na mwanamke. Novemba 2008 serikali ikaanzisha kampeni ya tohara ya hiari, na Nyanza ndiyo iliyolengwa zaidi. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na maafisa wa kliniki na wauguzi waliopewa mafunzo.

Je, hatari haipo? Ipo. Februari 2018, katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, daktari aliyekuwa bado akisomea ubingwa wa upasuaji wa ubongo alimfungua fuvu mgonjwa asiyehusika. Saa kadhaa zilipita kabla ya kugunduliwa kwamba hakuna damu yoyote iliyoganda humo ndani. Vitambulisho vya wagonjwa wawili vilikuwa vimechanganywa. Daktari huyo alisimamishwa kazi pamoja na wengine watatu, na wenzake wakamtetea vikali. Kwa maoni yangu walikuwa na hoja, kwani mgonjwa hupita mikononi mwa wengi kabla ya kufika kwenye kisu.

Dawa ya makosa kama hayo ni karatasi moja tu. Shirika la Afya Duniani liliijaribu kati ya 2007 na 2008 katika hospitali nane, mojawapo ikiwa Ifakara, Tanzania. Kabla ya kukata, kila mtu chumbani hujitambulisha, kisha husomwa jina la mgonjwa, upasuaji atakaofanyiwa na upande wa mwili. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Nadhani faida yake kubwa ni kwa mwanafunzi. Akishataja jina lake mbele ya mabingwa, huweza pia kusema, "Samahani daktari, si mguu huo."

Kwa hivyo, mama, mzee, una haki ya kuuliza ni nani atakayempasua mgonjwa wako, na ni mkubwa yupi atakayesimama kando yake. Mgonjwa akiulizwa jina lake mara ya tatu asikasirike, ajibu. Na mkimwogesha asubuhi ya upasuaji, ile alama ya kalamu iliyochorwa mguuni msiifute.